Uzi maalumu: Simba niliijua kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho

Mwana Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Tabora kumjulia hali baba mdogo. Juu ya kabati la sebuleni kwake bado ipo redio ya National ya bendi tatu, mfuniko wa betri umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Haiongei tena. Nimeishika nikakaa nayo mapajani kama nusu saa, na mambo yote yakanirudia. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Watani wa Jangwani, watu wa Yanga, mnakaribishwa, ila leo naomba tusitukanane.

Mimi ni Simba. Nilizaliwa nikaikuta nyumbani, kama nilivyoikuta dini. Baba mdogo ndiye aliyenilea, alikuwa fundi karakana ya reli, na Simba yake ilitoka mbali, tangu timu ikiitwa Sunderland, kabla haijabadilisha jina mwaka 1971. Alikuwa akisema "Sunderland" kwa sauti ya chini, mtu anavyotaja jina la marehemu anayemheshimu.

Siku ya mechi ilianza asubuhi. Betri zilitolewa zikaanikwa juani juu ya bati la banda la kuku, maana zilikuwa zimechoka na mpya zilisubiri mshahara. Antena ilishakatika zamani, tukaunga waya wa shaba mpaka kwenye mwembe. Saa kumi ikikaribia, baba mdogo anafagia kipande cha uwanja, anachukua kijiti na kuchora mchangani: mstatili, mstari wa kati, magoli mawili. Lango la upande wa mwembe lilikuwa kaskazini. Lango la upande wa choo lilikuwa kusini. Mpira ulikuwa kizibo cha soda.

Kazi ya kusukuma kizibo ilikuwa yangu. Mtangazaji akisema Simba wanashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini, mimi nimeshainama. Mpira wa kurusha, winga ya kulia, mita kama ishirini kutoka mstari wa kati, nami nakipeleka kizibo pale pale. Nikikosea, baba mdogo ananigusa bega kwa kijiti: "Sikiliza, mwanangu. Amesema kulia." Hivyo ndivyo nilivyojua kulia na kushoto. Shuleni nilikuwa nikiulizwa kaskazini ni wapi, kichwani nauona mwembe.

Vijana wa leo mnaweza msielewe, lakini sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa ndio macho yetu. Wao ndio walioniambia mchezaji ana mwili gani, anakimbiaje, uwanja umejaa upande gani, mvua inanyesha au imekatika. Nilikuwa namjua kipa wetu Mohamed Mwameja kama ninavyomjua ndugu yangu, na sijawahi hata kuiona picha yake.

Naleta kipande cha pili kikiwa tayari.

Reli ya Kati

Mkuu, umenifikisha Urambo. Sisi betri tulikuwa tunazing'ata. Ukiibonyeza kwa meno inapata nguvu ya dakika kumi na tano, mara nyingine inatosha kumaliza kipindi cha pili. Endelea, nimekaa.

Mkongwe wa Msimbazi

Kijana, naomba nichangie kwa sababu ya umri wangu.

Mwaka 1974 tulifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika tukatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Wakati huo nilikuwa mdogo, nakumbuka wazee tu walivyonuna. Lakini ya 1979 ni yangu. Mufulira Wanderers ya Zambia walikuja Dar es Salaam wakatufunga 4-0. Nyumbani! Nilikuwepo Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru sasa. Tulitoka kimya, mtaa mzima wa kuelekea Chang'ombe unasikia viatu tu. Nilitembea kwa miguu mpaka Ilala na sikumbuki niliongea na nani njiani.

Ya marudiano Zambia hakuna aliyetaka kuisikiliza. Mimi niliwasha redio kwa sababu kaka yangu alitaka kujua tutafungwa ngapi tena. Likaingia la kwanza. Likaingia la pili. Wakati la tatu linaingia, jirani aliyekuwa amelala alikuwa ameshasimama mlangoni kwetu na kanga ya mkewe kiunoni. Thuwein Ally, George Kulagwa, hayo majina mpaka leo nikiyasikia mwili unanisisimka. Tulishinda 5-0 kwao, tukavuka kwa tano kwa nne. Hakukuwa na simu ya kumpigia mtu. Watu walitoka tu nje, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kuhakikisha amesikia kile kile.

Mwana Isevya

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya Mufulira baba mdogo alinisimulia mara nyingi kuliko hadithi yoyote. Kila Simba ilipofungwa bao la kwanza alikuwa akisema "Mufulira walitupiga nne," kisha anakaa sawa kitini. Ilikuwa ndiyo dawa yake.

Haya, 1993.

Nilikuwa na miaka kumi. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Mechi ya kwanza kule Ivory Coast iliisha 0-0, na kuanzia siku ile Tabora ikawa kama inasubiri Idi. Mafundi cherehani wa sokoni walipata kazi ya kushona vibendera vyekundu. Baba mdogo alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya kabla wala baadaye: alinunua betri mpya nne, zote kwa mpigo, na akakataa zisiwekwe kwenye redio mpaka siku yenyewe. Zilikaa kabatini pamoja na vyeti vyake.

Siku ya mechi watu walijaa uani kwetu mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Nilisukuma kizibo mikono ikitetemeka. Mwameja golini, George Masatu nyuma, Edward Chumila mbele, Rais Ali Hassan Mwinyi jukwaani. Kila kitu kilikuwa kimewekwa mahali pake.

Boli Zozo. Jina hilo nililisikia mara mbili siku ile na sitalisahau. 2-0, nyumbani kwetu. Bao la pili lilipoingia kizibo kilikuwa chini ya kidole changu, ndani ya lango la upande wa choo, na sikuweza kukirudisha katikati. Nilikiacha pale pale.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Baba mdogo alizima redio, akatoa zile betri nne, akazifunga kwenye kitambaa na kuzirudisha kabatini. Halafu akachukua ufagio akaufuta uwanja wote. Mimi nilikuwa nalia. Aliponiona akaniketisha na kuniambia, "Timu iliyofika fainali si ya kuliliwa na mtoto. Kanawe uso ule." Ugali ulikuwa umeshapoa.

Nataka niseme wazi: siku ile ndiyo iliyonifunga na Simba maisha yangu yote. Ushindi mwingi wa utoto wangu nimeusahau. Ile sahani ya ugali uliopoa naikumbuka hadi ufa wake.

Dada wa Moro

Kaka umeniliza. Sisi wanawake tulikuwepo pia kwenye hizo redio, ila tulikuwa tunasikilizia jikoni. Bibi yangu alikuwa Simba wa kufa, na siku Simba inacheza alikuwa anapika maharage tangu saa nane ili asiulizwe chakula saa kumi na moja. Naomba uendelee. Ulianza lini kuwaona kwa macho?

Mwana Isevya

Dada, asante kwa swali hilo.

Niliwaona pale pale Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, miaka ya tisini kuelekea mwisho, Milambo yetu ikiwa ligi kuu. Simba walikuja. Sikuwa na kiingilio, na baba mdogo alikuwa zamu ya kazi, basi tukapanda mwembe ulio karibu na ukuta, watoto kama kumi na watano kwenye tawi moja na jingine.

Wakatoka. Mnajua kitu kilichonishangaza ni nini? Rangi. Miaka yote nilikuwa nikisikia "wekundu wa Msimbazi" na kichwani mwangu nilikuwa na wekundu wangu, wa udongo wa Tabora mvua ikishanyesha. Ule niliouona ulikuwa unawaka. Nikamtafuta Mwameja. Alikuwa mrefu kama nilivyoambiwa na redio, kweli kabisa, na nikajisikia kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wake aliouagiza miaka mingi, na haujapungua hata kitu kimoja.

Ila nilipata tabu moja. Bila mtangazaji sikuwa najua niangalie wapi. Wachezaji ishirini na wawili wote wanatembea kwa wakati mmoja! Nikajikuta natangaza mwenyewe, kwa sauti ndogo, juu ya mti. Mwenzangu wa tawi la chini akasema, "Ongeza sauti, huku majani yanatuziba." Nikaongeza. Nilitangaza mpaka mwisho kwa wale waliozibwa na majani. Sikuwaambia nyumbani, maana kupanda ule mwembe kulikatazwa.

Mtani wa Jangwani

Mimi ni Yanga, timu ya Wananchi, na nimesoma kila neno. Uzi huu hauna utani, basi na mimi sitaleta.

Hiyo ya 1993 unayoieleza, sisi tumeipata 2023. Fainali ya Kombe la Shirikisho, USM Alger wakaja kwa Mkapa wakatufunga 2-1. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0 kwao, na kombe wakabaki nalo kwa bao la ugenini. Nilimwangalia mwanangu wa miaka tisa, alikuwa ameshika bendera kwa mikono miwili haiachii. Sikujua la kumwambia. Ningekuwa nimeusoma uzi wako kabla, ningemwambia akanawe uso ale.

Mwana Isevya

Mtani, nimekuelewa kabisa. Mwambie mwanao salamu zangu.

Naendelea na 2003. Nilikuwa nimeshahamia Dar, nauza vitenge dukani kwa mtu Kariakoo, nalala Buguruni. Simba imepangwa na Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika. Tukawafunga 1-0 hapa. Kila aliyejua mpira alikuwa anasema Cairo hatutoki salama.

Usiku ule tulikuwa tumejazana kwenye chumba kimoja cha uani, redio katikati ya kitanda, taa imezimwa kwa sababu mwenye chumba aliamini taa inaleta nuksi. Wakapata bao lao. Ikawa 1-0 kwao, jumla sawa, zikaja penalti. Redio ya usiku kutoka mbali ina mawimbi, sauti inakuja na kwenda. Kila mpigaji alipokuwa anasogea, sauti inazama, kisha inaibuka na kelele, na kelele hazikuambii nani amefurahi mpaka mtangazaji aseme.

Juma Kaseja akaokoa. Tulijua kwa sababu mtangazaji alipoteza pumzi. Ya mwisho akaenda Christopher Alex. Nakumbuka mtu aliyekuwa pembeni yangu, ambaye sikumjua jina wala sijamwona tena, alinishika kifundo cha mkono. Akafunga. Bingwa mtetezi ametolewa kwake.

Tulitoka kama maji. Kutoka Buguruni mpaka mtaa wa Msimbazi kwa miguu, usiku wa manane, na kila uchochoro ulikuwa unatoa watu wengine. Nilitafuta simu ya kulipia nimpigie baba mdogo nikakosa, nikampata asubuhi kupitia simu ya ofisi yao. Aliinua akasema neno moja tu: "Mufulira."

Christopher Alex alifariki Februari 2015, Dodoma. Nilifunga duka siku ile. Mtu aliyeibeba penalti ile mabegani anastahili duka moja lifungwe.

Reli ya Kati

Na Mafisango je? Usimwache.

Mwana Isevya

Siwezi kumwacha. Mei 6, 2012, tano bila dhidi ya watani. Okwi mawili, Kaseja kipa wetu akafunga kwa penalti, Mafisango, Felix Sunzu. Nilikuwa mzunguko, sauti ilinikauka siku tatu. Siku kumi na moja baadaye, Mei 17, Patrick Mafisango akafariki kwa ajali ya gari hapa hapa Dar. Tiketi yangu ya mechi ile nilikuwa bado sijaitoa mfukoni mwa suruali. Hapo sina la kuongeza.

Nije kwenye AS Vita, Machi 16, 2019. Hii wengi mlikuwepo. Kule Kinshasa walitupiga tano. Al Ahly nao kwao walitupiga tano. Lakini nyumbani tulikuwa hatujaguswa, na siku ile tukishinda tunaingia robo fainali ya Klabu Bingwa. Mimi nina tabia ambayo sijaiacha: hata nikiwa uwanjani naweka redio ya simu sikioni. Mke wangu alishazoea. Macho yangu yanaona, lakini mpaka mtangazaji athibitishe ndipo naamini.

Vita wakatangulia. Mohamed Hussein Tshabalala akasawazisha. 1-1, dakika zinakwisha, watu wameshika vichwa. Dakika ya tisini Clatous Chama akaujaza wavuni, na sikusikia chochote redioni. Spika ilikuwa ndani ya sikio, lakini sauti ya uwanja wa watu elfu sitini iliifunika. Ni mara moja tu maishani nimeliamini bao kwa macho peke yake. Mke wangu alikuwa ananipiga mgongoni kwa ngumi mbili huku akiita jina la mama yake.

Dada wa Moro

Nilikuwepo! Na ya Nkana Desemba 2018 nilikuwepo pia, 3-1, Chama tena dakika za lala salama. Nilikwenda na kanga ya bibi, ile ya siku za maharage. Alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Baada ya bao la tatu niliifunua nikaipeperusha.

Kaka, na baba mdogo je? Umesema ulienda kumjulia hali.

Mwana Isevya

Nilikuwa nakuja huko, dada.

Baba mdogo ana presha ya macho. Tulichelewa kujua. Tangu 2022 haoni, anatofautisha mwanga na giza tu. Masikio ni mazima kuliko yangu.

Mei 2025 Simba ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco. Miaka thelathini na miwili tangu Stella. Mechi ya kwanza kwao tukafungwa 2-0. Ya marudiano ikapangwa Jumapili ya Mei 25, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kabla ya mechi zote mbili, Mei 11, Charles Hilary alifariki dunia. Baba mdogo ndiye aliyenipigia kunipa taarifa, na alikaa kimya kwenye simu muda mrefu. Kisha akasema, "Jumapili ya fainali utanitangazia wewe. Ulitangaza juu ya mwembe, unadhani sikuambiwa?"

Miaka yote ile alikuwa anajua.

Basi nikavuka na boti Jumapili asubuhi na binti yangu. Nikaingia Amaan na chaji mbili za akiba. Nikampigia, mama mdogo akaweka simu mezani kwa spika. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza, "Lango la kaskazini ni lipi?" Sikuwa najua. Nikamuuliza mzee wa Kizanzibari aliyekaa kulia kwangu, mwenye kofia ya kiua, akanyoosha kidole bila hata kuuliza ninakitakia nini. "Haya," akasema baba mdogo, "anza."

Nikaanza. Joshua Mutale alipofunga mapema, nilisikia Tabora nzima ndani ya simu, watu walikuwa wamejaa sebuleni na sikuambiwa. Tulihitaji la pili. Yusuf Kagoma akapewa kadi nyekundu na nikalazimika kumwambia, maneno yakinikwama. Yule mzee wa Kizanzibari alikuwa ananisogezea maji kila nikikohoa. Nilitangaza mpaka dakika za nyongeza, wakasawazisha. 1-1. Kombe likaenda Berkane.

Nilikaa kimya. Binti yangu alikuwa analia begani kwangu. Upande wa pili wa simu nao kimya, na nilijua ni kimya kipi. Kisha baba mdogo akasema, "Umetangaza vizuri. Ila kona ya mwisho hukusema imepigwa upande gani."

Mtani wa Jangwani

Kaka, msalimie sana mzee.

Mkongwe wa Msimbazi

Mwambie yupo mwenzake wa Mufulira hapa Ilala anamsalimu.

Mwana Isevya

Nitamwambia wazee wangu, leo leo.

Jambo moja nililisahau, nimelijua juzi. Nilipokuwa nimekaa na ile redio mapajani, mama mdogo alikuja akafunua kitambaa cha meza ya sebuleni. Chini yake mbao ina mistari ya chaki: mstatili, mstari wa kati, magoli mawili. Alisema siku ya fainali aliomba chaki, akapapasa kingo za meza akachora mwenyewe, akaomba na kizibo cha soda. Dakika zote tisini alikuwa anakisukuma, anafuata sauti yangu. Mama mdogo hajaifuta. Kaskazini ni upande wa dirisha.